Mwalimu Mnoko

Mvua ikipiga bati, shule inafungwa bila mtu kuifunga. Aliyesoma kwenye darasa lisilo na dari analijua hili vizuri. Matone ya kwanza yakianguka, mwalimu anapaza sauti. Yakizidi, anapiga kelele. Baada ya hapo anaweka chaki, anakung'uta viganja na kukimbilia ofisini, na kipindi kinachofuata haji mtu. Walimu wanakunywa chai yao. Wanafunzi wanasogea mbali na madirisha, wengine wanapiga madawati kwa mdundo, na hakuna anayejiona mkosaji, maana haya ni mapumziko yaliyoletwa na Mungu mwenyewe.

Siku moja mwaka 2006, nikiwa kidato cha pili, katikati ya mvua ya namna hiyo tuliona mwavuli mweusi unakatiza uwanja wa paredi. Chini ya mwavuli kulikuwa na suruali iliyokunjwa hadi magotini na jozi ya viatu mkononi. Mwalimu wa jiografia. Alikuwa na dabo kwetu, vipindi viwili vya dakika 40, na saa yake ilikuwa imefika. Alikunja mwavuli mlangoni, akavaa viatu, akafunga kamba, akatutazama. Alijua hata akipasua koo hatutamsikia, kwa hiyo hakujisumbua kusema neno. Aligeukia ubao akaanza kuandika: aina za mvua, mchoro wa mlima, mishale ya upepo wenye unyevu ikiupanda. Akaandika ubao mzima, akaufuta, akaandika tena. Alipomaliza akapita kati ya madawati, na kila alipokuta daftari ambalo tarehe yake haijapigiwa mstari, aligonga pale kwa kidole mara mbili. Kwa tabia hiyo ya kidole na mstari tulimwita Rula.

Mwenzangu wa dawati moja alinisogelea sikioni. Ilibidi apige kelele ili nimsikie, na kwa kuwa mvua ilikuwa upande wetu, hakuna mwingine aliyesikia: "Huyu mzee ni mnoko!"

Ukimuuliza mtu wa haraka haraka mnoko ni nani, atakwambia ni mwalimu mkali. Ndivyo wengi wanavyolitafsiri neno hili kwa mgeni anayejifunza Kiswahili cha Tanzania, na mgeni anaondoka akidhani ameelewa. Hajaelewa. Ukali na unoko ni vitu viwili, na kuna walimu waliokuwa nacho kimoja bila kingine.

Mwalimu mkali unamsikia kabla hujamwona. Ana sauti, ana fimbo, ana jicho. Ukali wake ni kama hali ya hewa: unaweza kuutabiri. Asubuhi mnamtazama anavyoegesha baiskeli, mnajua leo kuna moto au leo kuna nafuu. Tena mkali anasahau. Ametangaza kwamba Ijumaa atakagua madaftari yote, asiyemaliza atajuta kuzaliwa; Ijumaa ikifika kapata msiba, au kakasirikia jambo jingine kubwa zaidi, au kuna mjanja kamchokoza kwa swali la Simba na Yanga na kengele imelia mkiwa bado mnacheka.

Mnoko hasahau. Alisema Ijumaa, Ijumaa anakusanya. Akikusanya anahesabu, na yakipungua mawili anajua ni ya nani. Anajua nani aliomba ruhusa ya kwenda hospitali wiki iliyopita na hakuleta cheti. Anajua soksi zilizoruhusiwa ni nyeupe na zako zina mstari wa bluu juu. Hahitaji kufoka ili akuharibie siku. Rula sikumbuki kumsikia akifoka hata mara moja. Alikuwa na sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, na tulimwogopa kuliko wale wote waliokuwa wakivunja fimbo.

Kwa hiyo nikitakiwa kulieleza neno kwa kifupi, nitasema hivi: mnoko ni mtu anayefuatilia. Anaifuata sheria hadi kwenye kona ambayo wenzake wote wamekubaliana kimyakimya kutoifikia. Shule yoyote ina sheria za aina mbili, zilizoandikwa na zinazofanya kazi, na sisi sote tunaishi kwenye uwazi ulio kati ya hizo mbili. Mnoko anakuja na mwavuli wake kuuziba uwazi huo.

Kisarufi ni neno tulivu. Mnoko, wanoko, na hali yenyewe ni unoko. Linakaa baada ya nomino nyingine bila kudai chochote: mwalimu mnoko, walimu wanoko, kiranja mnoko. Kitu ambacho halina, walau kwa Kiswahili nilichokulia, ni kitenzi. Mlevi analewa, mwizi anaiba, mchokozi anachokoza, lakini mnoko lazima umwazimie kitenzi kwingine: analeta unoko, anafanya unoko, ana unoko. Hilo la kuleta ndilo linalotumika zaidi, na nadhani lina sababu. Unoko unaonekana kama kitu kilichotoka nje, kikaletwa mahali ambapo watu walikuwa wamekaa kwa amani. "Tulikuwa tunaenda vizuri, kaja kuleta unoko."

Na ni neno lisilopanda cheo. Tazama ndugu zake. Mkali amepanda zamani: mkali wa hesabu, mkali wa mashairi, wakali wao. Kiboko naye, ambaye alianza kama mjeledi uliokatwa kwenye ngozi ya mnyama mwenyewe, ule uliotumika enzi za Wajerumani mpaka wazee wetu wakakariri hesabu yake, hamsa ishirini, yaani viboko 25 kwa mkupuo, leo ni sifa. Ukisema fulani ni kiboko yao, umemsifu hadi mwisho. Hata kauzu, mtu asiyecheka wala kuona haya, aliyepewa jina la dagaa mkavu, siku hizi anaweza kulichukua kama pongezi. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisema "huyu ni mnoko wa hesabu" kwa kumsifia. Wala sijamsikia anayejiita mwenyewe mnoko, isipokuwa anapoomba radhi kabla ya kufanya jambo: "Samahani jamani, nisionekane mnoko, lakini..." Na baada ya hiyo lakini, unoko wenyewe unafuata.

Kwenye kamusi za zamani za Kiswahili kuna neno nokoa. Katika mashamba ya watumwa ya pwani na visiwani, juu alikaa msimamizi, akifuatiwa na nokoa, na chini yake kadamu. Nokoa mara nyingi alikuwa mtumwa mwenyewe, aliyepewa kazi ya kuwasimamia watumwa wenzake. Namweka nokoa karibu na mnoko kwa ajili ya kazi zao, ukoo wa maneno nawaachia wenyewe wanaoishi kwa kuutafuta. Kwa sababu mnoko halisi, yule anayeuma, si yule aliye juu sana. Mkuu wa shule akikataza jambo, ndiyo kazi yake, nani atamshangaa? Anayeitwa mnoko kwa hasira ni yule aliye karibu nawe, anayeijua njia yako ya panya kwa sababu aliwahi kuipita.

Ndiyo maana kabla ya walimu, wanoko wetu wa kwanza walikuwa wanafunzi wenzetu. Shule ya msingi mwalimu akitoka alimwachia monita karatasi: andika wapiga kelele. Karatasi ile ilikuwa na fasihi yake. Jina, halafu alama ya mara na namba: mara mbili, mara tatu. Aliyezidi aliandikiwa "sana" pembeni. Monita mwenye utu aliandika majina manne matano ya kuridhisha, akaacha. Monita mnoko aliandika hadi aliyecheka, hadi aliyeazima rula, na jina lake mwenyewe halikuwemo hata siku moja ingawa alikuwa akipiga kelele ya "nyamazeni" kuliko wote.

Sekondari mambo yakawa magumu zaidi, maana huko hata neno lenyewe lilikuwa haramu. Baada ya miaka 7 ya kusoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, unaingia kidato cha kwanza na masomo yote, ukiacha Kiswahili chenyewe, ni kwa Kiingereza. Shule yetu, kama nyingine nyingi, iliamua kututia adabu ya lugha kwa kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Kibao. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa shingoni, na njia pekee ya kukivua ni kumnasa mwingine na kumvisha. Jioni paredini wote waliokipitisha siku hiyo wanatajwa, kila mmoja akimtaja aliyemvisha, kama ukoo wa Ibrahimu.

Nasema bila kusita kwamba mwalimu yeyote aliyebuni kibao kile alikuwa fundi wa unoko. Hakuhitaji kumfuatilia mtu. Alitugeuza sisi kuwa wafuatiliaji. Mwenye kibao anasimama nyuma ya mlango wa bweni, anajibanza karibu na bomba la maji, anasikiliza. Rafiki yako wa kufa na kuzikana anakuuliza swali kwa sauti ya upendo ili ujisahau. Mimi nilinaswa na mwenzangu wa dawati, yule yule wa siku ya mvua. Nilimwona anatoa kitu mfukoni, nikajua, nikamwambia taratibu, "Usilete unoko, bwana." Alinitazama kwa huruma kabisa, akanivisha.

Ukitoka shuleni, neno linatoka nawe. Baba mwenye nyumba anayefunga geti saa nne kamili usiku na kuzima taa ya uani ni mnoko. Mlinzi anayekutaka uandike jina kwenye kitabu ingawa anakuona kila siku kwa miaka mitatu ni mnoko. Trafiki anayezungukia nyuma ya gari kutazama kama taa ya namba inawaka ni mnoko. Kazini, mhasibu. Kila ofisi ina mhasibu mnoko, na asiye naye amuombe Mungu ampe, kwa sababu ofisi yenye mhasibu asiye mnoko huwa inafika mahali haina hela. Unarejesha masurufu ya safari, risiti zote zipo, anazipanga mezani kama anacheza karata, kisha anainua moja: "Hii imefifia, dada, tarehe haisomeki." Unaweza kulia.

Vyuoni anaitwa mnoko yule mhadhiri anayesahihisha mwenyewe badala ya kuwaachia wasaidizi, anayejua kwamba kazi mbili zimenakiliwa kwa sababu zote zina kosa lile lile la tahajia ukurasa wa sita. Sapu zake, ile mitihani ya kurudia, zinajulikana mwaka mzima kabla hujafika kwenye somo lake. Wanafunzi wanaulizana, "Yule ni mkali?" Jibu: "Angekuwa mkali ingekuwa afadhali."

Nami nimeitwa. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilipewa kidato cha kwanza, mikondo miwili. Kila kukicha nilikuwa na andalio la somo limeandikwa, rangi mbili, nakala safi. Nilikusanya madaftari kila wiki. Nilisaini shajara ya darasa dakika ile ile niliyoingia. Jioni moja nasahihisha nikageuza daftari nyuma, kule wanafunzi wanakochati kwa kalamu mwalimu akiwa anaandika ubaoni. Mkono mmoja ulikuwa umeuliza, "Leo madamu haji?" Mkono mwingine ukajibu: "Atakuja tu. Mnoko yule hata akiumwa anakuja."

Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu haikuwa kweli kwa namna waliyodhani. Walidhani ninapenda. Ukweli ni kwamba niliogopa. Msimamizi kutoka chuoni alikuwa anakuja kunikagua bila kusema siku, na kila nilipomdai mtoto daftari nilikuwa namwona yule msimamizi nyuma ya kichwa chake. Pale shuleni walimu wenyeji nao walikuwa na wa kumwogopa. Kitabu cha mahudhurio cha walimu kilikaa ofisini kwa mkuu, na saa moja na nusu asubuhi mkuu alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari. Ukifika baadaye unasaini chini ya mstari. Watu wazima, wenye watoto chuo kikuu, niliwaona wanakimbia kutoka kituo cha daladala wakishika sketi ili wasiwe chini ya mstari. Wakishasaini, wanahema, wanamsonya: mnoko huyu. Na mkuu naye siku akisikia wathibiti ubora wako wilayani, wale waliokuwa wakiitwa wakaguzi, halali. Anapita darasa kwa darasa anatafuta maazimio ya kazi. Nilikuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya unoko tunaouona shuleni ni woga uliovaa shati la kuchomekea.

Lakini si wote. Rula hakuogopa mtu, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Tanzania Bara ina kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zilizotangazwa kwenye gazeti la serikali mwaka 2002, tangazo namba 294. Si siri, ingawa shuleni kwetu ungedhani ni siri. Zinasema viboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Visizidi vinne kwa wakati mmoja. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, au mkuu wa shule, ila pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Na kila tukio liandikwe kwenye kitabu: jina, kosa, idadi, aliyechapa.

Zisome tena polepole. Ni kanuni za mtu mnoko. Kila kifungu kinataka kuhesabu, kuandika, kusaini, kuomba kibali. Mwalimu mkali hawezi kuzifuata, kwa sababu hasira haisubiri karatasi. Mimi sipendi viboko vyenyewe, vinne wala kimoja, na siku serikali ikivifuta nitafurahi. Ila nimewaona wakali wengi, na madhara niliyoyaona yalifanywa na mtu mkali pale ambapo hapakuwa na mnoko wa kumhesabia.

Siku moja palikuwa na mmoja. Nilikuwa nimebeba rundo la madaftari ya darasa kuyapeleka ofisini. Nikasimama mlangoni, kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa amewaweka wavulana watatu wa kidato cha tatu katikati ya chumba, waliokamatwa wakiruka uzio mchana. Wa kwanza alikuwa ameinama, ameshika miguu ya kiti. Walimu wengine waliendelea na chai. Rula alikuwa mezani kwake pembeni, anasahihisha, mgongo ukiwa kwetu.

"Hiyo ni ya nne," alisema bila kugeuka.

Fimbo ikashuka tena.

"Hiyo ni ya tano, Mwalimu. Kanuni ni nne."

Mwalimu wa zamu aliduwaa, fimbo ikiwa hewani. Alikuwa mtu mnene wa kifua na jasho lilikuwa linamtoka. "Wewe mzee unasemaje?"

"Nasema ya tano haimo. Na kibali chako cha maandishi sijakiona. Kitabu cha adhabu nacho nimekitafuta tangu Jumatatu kabatini, hakipo." Sauti ile ile ya mtu anayeongea na mgonjwa. Akageuza ukurasa wa daftari la mtu, akapiga alama ya vema.

Ofisi nzima ilicheka. Sikujua walimu wanacheka hivyo, kama sisi tu. Mmoja alipigapiga meza. Mwingine, madamu wa baiolojia niliyempenda sana, akasema huku anafuta machozi ya kicheko, "Mzee wetu, acha unoko bwana, watoto hawa wameruka uzio!" Hapo ndipo nilipojua kwamba neno lile halikuwa letu peke yetu.

Rula hakucheka wala hakununa. Alisimama, akatoa kwenye mkoba wake daftari jipya la kaunta, akachukua rula, akapiga mistari: jina, kosa, idadi, mchapaji, tarehe. Akaliweka mbele ya mwalimu wa zamu na kalamu juu yake. Yule bwana alilitazama muda mrefu. Kisha akatupa fimbo pembeni ya kabati, akatoka nje bila kuandika kitu. Wale wawili waliokuwa wanasubiri zamu yao walibaki wamesimama, hawajui waende au wainame.

Rula akawaita mezani, na aliyekwisha kuchapwa pia, akawaandika yeye mwenyewe. Wa kwanza, kuruka uzio, tano. Wa pili na wa tatu, kuruka uzio, sifuri. Halafu akawataka wasaini. Hilo la mwanafunzi kusaini halikuwa kwenye kanuni yoyote, alilibuni mwenyewe. Nikaweka madaftari yangu, nikatoka nao.

Hatukufika hata kwenye mwembe tukasikia anaita. Yule wa pili, ambaye hakuguswa hata na upepo wa fimbo, alirudi mbio. Alipotoka alikuwa amekunja uso kama kachapwa nane.

"Kanirudisha niandike tarehe," alisema. "Mnoko sana yule mzee."